Pedali ya Doto

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kupenda sifa. Mengine yote alikuwa mtu mwema, mume asiye na makelele, baba wa binti mmoja, mtu wa kukuazima spana asikuulize itarudi lini. Lakini umwambie tu, "Fundi, kama wewe hakuna," basi ataacha injini wazi, atafuta mikono kwenye ovaroli, na utakaa hapo unasikiliza mpaka chai ipoe. Mkewe alizoea kusema kwamba mumewe ukimvika kilemba cha ukoka anakwenda nacho mpaka msibani.

Alikuwa na matrekta mawili ya zamani uani kwake, mekundu yote, ya kiwanda kimoja, yaliyopishana mwaka mmoja tu. Watu waliyaita Kurwa na Doto. Kurwa ndiye mkubwa. Ukiyapanga bega kwa bega ungeapa ni kitu kimoja: injini ileile ya silinda tatu, usukani uleule mwembamba, kiti kilekile cha bati chenye matundu kama kichungio cha chai, na asubuhi za baridi yalikohoa sawasawa kabla ya kuwaka. Hata boneti ya huyu ilimkaa yule bila kulazimisha bolti. Kilichoyatenganisha kwa mtu wa kupita ni kibati kidogo cha namba kilichopigiliwa ubavuni mwa boneti, na namba zenyewe zilitofautiana tarakimu moja ya mwisho.

Binti yake ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mguu mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Kila jioni akirudi kazini, Fundi alisimama katikati ya lango, mikono mgongoni, na binti alimjia moja kwa moja na trekta, anacheka, mpaka gurudumu la mbele lisimame shubiri moja kutoka kwenye ncha za viatu vya babaye. Fundi hakurudi nyuma hata siku moja. Majirani walipiga makofi. "Huo ndio mguu niliouzaa mimi," alisema, na mkewe kutoka jikoni alimjibu kwamba siku moja atatembelea magongo.

Siku ninayoisimulia alikuja mgeni, mzee mmoja mstaafu wa posta, mwenye daftari na kalamu mbili mfukoni. Alitaka kununua trekta kuukuu la kulimia shamba lake dogo. Alikuwa ameambiwa kuwa aina hizi mbili ni zilezile, achukue yoyote. Saa nne asubuhi ilikuwa imepita kidogo. Binti alikuwa ameondoka mapema na Doto kwenda kukata majani kwa mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa, na uani alibaki Kurwa peke yake, anang'aa kwa rangi mpya.

"Nani kakwambia ni zilezile?" Fundi aliuliza, macho yamemtoka. "Huyo hata toroli asiguse! Tofauti ipo, mzee wangu, na tofauti yenyewe inaua. Ipo mguuni."

Mstaafu akafungua daftari. Fundi naye akafunguka.

"Doto klachi yake ina hatua mbili. Ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama, lakini mashine uliyofunga nyuma inaendelea kuzunguka. Ukikanyaga mpaka chini, na mashine nayo inaachwa. Umenipata? Sasa Kurwa ana hatua moja tu. Ukikanyaga, umeikata injini, basi. Mashine ya nyuma na magurudumu bado vimeshikana humu tumboni. Mfungie jembe, mfungie tela, hana neno, ni mtoto mpole. Mfungie mashine ya kukatia majani, ndipo utamjua. Yale mapanga ni mazito, yakishachanganya hayasimami kwa kuombwa. Umekata injini, lakini mapanga yanazungusha gia, gia zinazungusha magurudumu, na trekta linakwenda. Mguu wako uko sakafuni, na trekta linakwenda!"

"Na breki?"

"Breki za mwaka ule ni za kusaidiana na dua. Waulize hapa mtaani, ni nani aliyeingia chooni kwake na trekta kupitia ukutani? Ni mimi. Mke wangu alikuwa ametoka humo dakika hiyohiyo, ndoo bado anayo mkononi. Tangu siku ile nikaweka sheria: Kurwa hafungwi mashine ya majani. Na penye mteremko, hata mwenye trekta akilia machozi, hafungwi."

Mstaafu aliandika yote, akapigia mstari neno *mteremko*. Kisha akauliza swali la watu wa posta. "Sasa mtu akibadilisha vibati?"

Fundi akacheka mpaka akashika kiuno. "Mimi sisomi vibati, mzee. Mimi nawajua hawa kama wanangu. Wiki iliyopita nimewapaka rangi wote wawili. Vibati nimevibandika karatasi ya gundi visichafuke, boneti zote nimezitundika kwenye waya mmoja. Jana jioni, zilipokwisha kukauka, nikazirudisha, hii hapa, hii pale, huku napiga soga na watu. Ndipo nikabandua karatasi. Sijaangalia hata mara moja! Panda, panda uonje mwenyewe. Kanyaga hiyo pedali taratibu. Utasikia inakwenda chini moja kwa moja, haina kituo."

Mzee akapanda kwa taabu, akakaa kwenye kile kiti cha bati, akaweka kiatu chake cha kung'aa juu ya pedali. Akakanyaga. Akaachia, akakanyaga tena.

"Fundi," akasema, "mbona mimi naona kuna kituo katikati?"

"Ni goti lako, mzee. Uzee huo."

"Goti langu nalijua, tunaishi pamoja. Hapa kuna kituo. Moja." Akasukuma. "Mbili."

Fundi akapanda kwa kicheko kilekile, akamsogeza mzee kwa bega, akakanyaga. Pedali ilishuka nusu, ikakutana na springi ya pili, ikakaza, kisha ikashuka mpaka chini. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akaruka chini, akapiga magoti kando ya sanduku la gia, akakwangua rangi mpya kwa ukucha. Kwa Kurwa pale pana kizibo cha pembe nne. Kwa Doto pana kifuniko cha duara. Kilikuwa cha duara.

Aliyekuwa uani ni Doto, amevaa boneti ya Kurwa. Na aliyetoka asubuhi, amefungwa mashine ya majani, ni Kurwa.

Jamani, kuna woga wa kushtuka na kuna woga wa kukumbuka, na wa kukumbuka ni mbaya zaidi. Fundi alikumbuka lango la asubuhi. Binti alikuwa juu ya trekta, injini inanguruma, akainama na kumwambia, "Baba, leo pedali imekuwa laini, haikazi kabisa katikati! Umeifanyia nini?" Na Fundi, ambaye hakuwa ameigusa pedali hiyo tangu mwezi uliopita, alitazama majirani waliokuwa wakipita na maziwa yao, akajibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Mikono ya baba yako hiyo, mama!" Binti akacheka, akaondoka. Fundi akabaki pale langoni amevimba kwa furaha.

Lile shamba la mfugaji lilikuwa tambarare juu, kisha linateremka mpaka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Halikuwa na ua wala ukuta, majani yanaisha na shimo linaanza. Kondoo wa mfugaji walikwisha kuangukia humo, na hawakutolewa wazima. Binti alikuwa amesema atasubiri jua likaushe umande ndipo aanze na mteremko. Fundi akatazama juu. Umande ulikuwa umekauka zamani.

Akachomoa simu, akampigia. Simu ya binti ikaita nyuma yake, ndani ya karakana, kwenye msumari wa makoti, inachajiwa. Akampigia mfugaji. Haikupatikana. Akapiga tena, akajikuta anaiambia simu, "Pokea, tafadhali, baba, pokea," kana kwamba kuna mtu. Pikapu alikuwa nayo mkewe, amekwenda kununua beringi. Hapakuwa na chombo kingine pale ila Doto.

"Mzee, jiangalie hapo!" alifoka. Mstaafu akasogea ukutani na daftari lake. Doto akakohoa mara mbili, akawaka.

Mnajua trekta la zamani linakimbia kiasi gani? Halikimbii. Fundi alisukuma mafuta mpaka mwisho, moshi mweusi ukapanda, bati likatetemeka mpaka meno yakamgongana, na bado mama mmoja wa baiskeli, mwenye kapu la nyanya nyuma, alimpita na kumsalimia. "Habari za kazi, Fundi?" Fundi hakujibu, na yeye si mtu wa kutojibu salamu. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwa na mtoto juu ya Kurwa. Kilomita tatu! Aliliegemea trekta kwa mbele kana kwamba kulisukuma kwa kifua kutasaidia. Alijitukana kwa sauti. Alimwomba Mungu, akamwahidi mambo ambayo hata Mungu alijua hatayatimiza. Alimwona binti yake akiwa na miaka minne, amekaa juu ya mapaja yake, anazungusha usukani huu huu mwembamba, na alilia waziwazi barabarani, mtu mzima wa miaka hamsini na nane.

Alipofika kwenye kona ya mwisho, wazo likamjia ambalo nusura limfanye azime trekta. Atafanya nini akifika? Atapunga mikono, atapiga kelele. Na binti akimwona babaye anapunga mikono atafanya nini? Atakanyaga klachi asimame amsikilize. Akiwa anateremka, macho kwenye shimo, kumwita ndiko kumuua. Yeye mwenyewe ndiye atakayemuua, kwa mkono wake aliouinua.

Basi hakuingia shambani. Alilisimamisha trekta nyuma ya banda la majani makavu lililokuwa juu kabisa, akazima injini, akachungulia.

Alikuwepo! Mzima, kofia ya majani kichwani, mashine inanguruma nyuma yake na vumbi la kijani linaruka. Sehemu ya tambarare ilikuwa imekwisha kukatwa, na sasa alikuwa anakwenda chini na juu, chini na juu, mistari mirefu kama ya kuchana nywele. Kule chini hakuwa anasimama. Alikuwa anageuza kwa mwendo, anabana breki ya gurudumu moja tu kama alivyofundishwa, pedali ya klachi haiguswi. Ndiyo maana alikuwa bado hai. Fundi alitaka kufurahi, kisha akaliona dumu.

Lilikuwa dumu la maji la njano, limewekwa chini ya kichaka kando ya ukingo, penye kivuli. Fundi alimjua mwanawe. Akishikwa na kiu hashuki. Analikaribia dumu, anakanyaga nusu, trekta linasimama tuli huku mapanga yanazunguka, anainama, ananyanyua, anakunywa, anaondoka. Kwa Doto ni mchezo wa kitoto.

Na hapo binti akageuza huku juu, akaanza kuteremka.

Fundi alijishika kwenye nguzo ya banda. Hakuweza kuita. Aliuma mkono wa ovaroli, akaonja grisi na dizeli, akaendelea kuuma. Trekta lilishuka, likawa dogo, likawa dogo zaidi. Binti akavua kofia, akapangusa paji la uso kwa mkono. "Usinywe," Fundi alinong'ona. "Usinywe, mama, usinywe, bado kidogo, usinywe." Kichwa cha binti kikageukia kichakani. Trekta likapunguza mwendo. Fundi alifumba macho, na kwa muda huo hakuwa na mtoto. Kisha akasikia injini ikivuta upya. Alipofumbua, gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka palepale, udongo unaruka kuelekea shimoni, na trekta limeelekeza pua juu.

Sasa binti alikuwa anapanda. Akikanyaga sasa, mlima wenyewe utamzuia, na hata likisogea litasogea kuja juu, mbali na shimo. Fundi akatoka nyuma ya banda, akasimama katikati ya mstari wake, akainua mikono yote miwili, akaita kwa nguvu zote alizokuwa amezimeza.

Binti akamwona. Akashangaa, kisha akacheka.

Na kicheko kile ndicho Fundi alichokuwa amekisahau. Kilikuwa kicheko cha lango la jioni. Baba kasimama katikati ya njia, basi mchezo ni uleule. Binti akanyoosha usukani, akamlenga, akaongeza mafuta kidogo. Fundi alipunga, "Hapana! Hapana!" na mapanga yakayameza maneno yake yote. Pua nyekundu ikaja, kibati cha Doto kinameremeta ubavuni. Hatua kumi. Akamwona binti ananyanyua goti na kukanyaga, kwa uhakika, kama alivyokanyaga mara elfu. Injini ikashusha sauti. Trekta halikusimama.

Alimwona mwanawe usoni wakati ule, na hilo hatalisahau. Kicheko kilikuwa bado hakijaondoka mdomoni, na macho tayari yalikuwa yanapiga kelele.

Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya mchezo wao, Fundi aliruka pembeni, na akachelewa. Gurudumu la mbele lilimpanda kiatu cha kushoto. Alisikia kitu kinavunjika humo ndani, akaanguka, akajiviringisha, gurudumu kubwa likapita karibu na mbavu zake, na mapanga yakapita na upepo wao wa majani mabichi. Kisha gia ikalia kwa kukwaruza, binti kaing'oa kwa mikono miwili na kubana breki, na Kurwa akasimama.

"Nimekanyaga!" Binti alikuwa amekwisha kuruka chini, anamshika babaye uso, mabega, mguu. "Baba, nimekanyaga! Wallahi nimekanyaga mpaka chini!"

"Najua, mama. Najua umekanyaga. Huyo ni Kurwa."

Binti akageuka kukitazama kibati. Akamtazama babaye. Alikwenda mpaka pale alipokanyagia, majani yamelala kuonyesha, akatembea kufuata alama za magurudumu akihesabu kwa sauti mpaka lilipo trekta. "Saba," akasema. Hatua saba, na ni kupanda mlima. Kisha akateremka mteremko wote kwa miguu, peke yake, mpaka kwenye dumu la njano. Fundi, mguu unamwaka moto, alimwona anasimama pale, anageukia shimo, na kupiga hatua. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Akasimama. Majani yaliishia hapo. Akatazama chini.

Aliporudi alikuwa ameleta maji. Akamnywesha kwanza, akafungua kamba za kiatu taratibu.

"Mzunguko unaofuata ndio ningesimama kunywa," akasema. "Huu uliopita nilitaka, nikasema ngoja nimalize mstari."

Fundi alianza kulia tena. "Boneti nimezipishanisha mimi. Karatasi ilikuwa kwenye vibati, nikajifanya nazijua bila kuangalia." Akapangusa pua kwa mkono wa ovaroli. "Na pedali sikuigusa, mama. Asubuhi ile. Sikuifanyia chochote."

"Mguu wangu ulijua," binti alisema, bila hasira, na heri ingekuwa hasira. "Ulijua tangu langoni, baba. Ndiyo maana nikakuuliza. Wewe ukanijibu, nikakuamini wewe."

Binti akamfunga mguu kwa kilemba alichokuwa amekivaa chini ya kofia, akamwinua, akamkokota mpaka nyuma ya banda alikokuwa trekta jingine, akamkalisha juu ya bawa la gurudumu, ashike. Kurwa aliachwa palepale, mawe mawili chini ya magurudumu.

Binti akakaa kwenye kiti cha bati. Hakuwasha. Aliweka mguu juu ya pedali, akakanyaga polepole mpaka katikati, akangoja, kisha akakanyaga mpaka chini.

"Huyo ni Doto," baba yake alimwambia. "Huyo ni salama, mama. Niamini."

Binti hakugeuka. Aliiachia pedali ikapanda, akaikanyaga tena tangu mwanzo.